Mbuzi wa Mlango

Igoki ndiye aliyelisema kwanza, na Igoki ana miaka mitano tu. Darasa zima la chekechea lilikuwa limemkazia macho Mwalimu Mukami mdomoni, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha: ukitaka kusema fa, tazama meno ya juu ya mwalimu yanavyougusa mdomo wa chini. Fa, fe, fi. Watoto waliuma midomo, wakapuliza, wakarushiana mate, wakacheka. Igoki hakucheka. Aliinua mkono.

"Tisha, jino yako imekuwa pinki."

"Meno ni meupe, Igoki. Sema fa."

"Hii moja ni pinki, tisha. Hapa juu." Akaonyesha kwenye jino lake mwenyewe, la mbele upande wa kushoto, karibu na ufizi.

Sasa kila mtoto alitaka kuona. Walioketi nyuma walipanda juu ya madawati. Mukami alifunika mdomo kwa kiganja, akaendelea hivyo hivyo hadi kengele, na kwa kuwa fa haifundishiki kwa mdomo uliofunikwa, watoto wa Kiritiri walienda nyumbani siku hiyo wakisema pa, pe, pi.

Walipokwisha kuondoka alisimama kando ya tangi la maji, akajitazama kwa kamera ya simu. Mtoto hakudanganya. Jino lilikuwa na doa la rangi ya nyama mbichi, kana kwamba kitu fulani kilikuwa kimelitafuna kutoka ndani na sasa kilikuwa kinachungulia nje. Halikuuma hata kidogo. Hilo ndilo lililomtia baridi. Jino jirani yake, la kulia, ndilo lililokuwa na maumivu tangu majuzi, na akilisukuma kwa ulimi lilikuwa likicheza. Alilisukuma tena, ingawa alikuwa amejikataza.

*

Nyumbani kwa Kathuri kuna mlango mmoja wa mbele, wa mbao nzito, na mlango huo umesingiziwa mengi. Mwaka uliopita Kathuri alimpiga mkewe, Mukami, ngumi ya mdomo. Mukami alirudi kwao Ishiara na midomo iliyovimba, ndugu zake wakaja juu, na wazee wa pande mbili wakaitwa. Waliketi uani kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Kathuri alikiri, akapiga magoti, akatoa mbuzi dume, na mbuzi akachinjwa. Mama yake, Wambeti, ndiye aliyeuliza swali la mwenye akili: watu wakituuliza mdomo umevimba kwa nini, tutasema nini? Akajijibu mwenyewe kwamba mlango hufungwa na upepo. Wazee wakakubaliana kwamba upepo wa Mbeere ni mkali kweli.

Kisha Njeru, baba mdogo wa Kathuri na msemaji wa ukoo, alifuta mafuta vidoleni akatoa neno la kufunga. Jambo hili tumelila pamoja na nyama hii, alisema. Atakayelitaja tena, awe mume, awe mke, awe mzazi, atatoa mbuzi wake mwenyewe. Mukami alipewa ini, akalila. Jino la kushoto lililegea kwa muda kisha likashika lenyewe, likawa imara na jeupe, na Wambeti akawaambia majirani kwamba Mungu ni mwema. Hakuna aliyeufikiria mzizi, maana mzizi hauonekani.

Jioni ile ya siku ya Igoki, Kathuri alikuwa anakunywa chai. Ametoka kusimamia malori ya mchanga, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa na kikombe chake kikubwa cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, na katika nyumba ile hakuna mwingine aliyekigusa ila kukiosha. Kilikuwa kimebanduka rangi mahali pamoja kwenye kitako. Mukami alijua kilibandukia wapi. Alikimiminia chai mara ya pili, akarudi nyuma hatua moja.

"Baba Munene, nataka hili jino lionwe. Limebadilika rangi."

Kathuri hakukasirika. Siku hizi hakasiriki haraka, au hakasiriki mbele za watu, na kanisa limempendekeza awe mzee. Jumapili inayokuja atawekewa mikono. Aliinuka, akamshika mkewe kidevu kwa vidole viwili, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha. Mukami alifumba macho.

"Ai, ni kweli. Pole, mama. Twende Embu, kuna kliniki ya meno huko mjini. Nitakupeleka mimi mwenyewe. Pesa si shida."

"Daktari atauliza."

"Atauliza nini?"

"Kilichonipiga."

Vidole viliachia kidevu, polepole. "Si ilikuwa mlango?" alisema Kathuri, akamgeukia mama yake. "Mama, si ilikuwa mlango?"

Wambeti alikuwa ameketi kizingitini akipepeta ndengu. Hakuinua macho. "Ilikuwa upepo," alisema.

"Umesikia? Mlango." Kathuri alirudi kitini, akanyanyua kikombe. "Na bado uko hapo. Haujaenda mahali."

Alicheka, kwa hiyo ulikuwa mzaha. Mukami naye akacheka, mdomo umefungwa.

Mara ya pili Mukami alipopigwa, unajua, hakukuwa na wazee. Ilikuwa Jumapili mchana, wageni wa kanisa wameshakula na kuombea nyumba na kwenda zao. Kathuri alitaka kujua ni nani aliyemruhusu mkewe kununua mbuzi mweupe kwa pesa za chama cha kuchangiana bila kumwambia. Mukami alijibu kwamba zamu ilikuwa yake na pesa zilikuwa zake. Kikombe kilikuwa mkononi. Baadaye aliyelia kwa sauti ni Kathuri. Alimwomba msamaha hadi yeye aliyepigwa akamwonea huruma, kisha Kathuri akamwambia kwamba hili likijulikana sasa kanisa zima litaaibika. Wambeti alitoka jikoni na kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, akamkabidhi Mukami, akarudi jikoni. Hakuuliza, kwa hiyo hakuambiwa.

*

Kesho yake baada ya shule Mukami alienda kwa Njeru. Alibeba sukari, maana mtu haendi kwa mzee mikono mitupu. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza ua wa miiba, akafurahi kumwona, na akaifurahia sukari zaidi.

"Baba, nimekuja kuuliza kuhusu lile neno mlilofunga."

"Neno gani?" Njeru alisema haraka, kwa uchangamfu. "Mimi sijui neno lolote. Na wewe pia hujui."

"Nauliza tu. Mtu akimwambia daktari, huko ni kutaja?"

Njeru aliweka panga chini. Alikuwa mtu wa kupenda maswali ya namna hii, na siku hizi hayakuja mengi. Vijana walikuwa wanaenda kwa chifu moja kwa moja. "Huyo daktari ana masikio?"

"Anayo."

"Na mdomo?"

"Anao."

"Basi ni kutaja."

"Baba, ni ugonjwa. Jino linaharibika ndani kwa ndani. Lazima ajue lilianza vipi."

"Mwambie jino ni mbaya, basi. Yeye si amesoma? Atajua mwenyewe. Kwa nini anaitwa daktari kama ni wewe utamfundisha kazi?"

Alicheka kidogo, akamngoja acheke. Mukami hakucheka. Alitazama njia, akahakikisha hakuna mtu, akashusha sauti. "Na kama kuna jambo lingine? Si lile la mwaka jana. La majuzi. Hilo halijachinjiwa kitu."

Kiganja cha Njeru kilipanda juu. "Usiniambie."

"Baba, nataka tu..."

"Usiniambie, mwanangu. Ukiniambia nitakuwa nimeambiwa. Halafu nitalazimika kupigia wazee simu, tuketi tena, ndugu zako watoke Ishiara na fimbo zao, na kijana anawekewa mikono Jumapili. Unataka tuketi wiki hii? Sema wewe."

Njeru alimsindikiza hadi njiani kwa heshima zote, kama anavyosindikizwa mgeni aliyeondoka na alichokuja kutafuta. Hapo alikumbuka kitu. "Ile mbuzi yako nyeupe nimeiona kule mtoni. Imenenepa! Siku nikiona imefungwa hapa kwangu, nitajua umefungua mdomo." Akacheka kwa furaha ya kweli, akaingia ndani na sukari yake.

Njia nzima Mukami alijiona mjinga. Alikuwa ameenda kuomba ruhusa ya kusema kilichomuumiza, na ruhusa hiyo aliyonyimwa ameilipia sukari. Ulimi ukaenda wenyewe kwenye jino la kulia. Lilikuwa limelegea zaidi ya jana.

*

Walienda Embu watatu. Wambeti alisema macho yanamsumbua na angependa kupitia duka la miwani, lakini kila mmoja wao alijua kwamba ni Kathuri aliyemwambia aje. Kathuri alivaa koti la ibada. Alimbebea mkewe mkoba kutoka barabarani hadi ndani ya kliniki, na msichana wa mapokezi akapiga kofi.

"Wa! Mzee anabeba hendibegi! Mama, huyu ulimtoa wapi? Sisi wetu hata simu hawashiki."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walimtazama Mukami kwa wivu. Alitabasamu bila kuonyesha meno. Kathuri aliwasalimu wote, mmoja mmoja, kwa mkono.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka Meru, aitwaye Nkirote, asiye na maneno mengi. Alimlaza Mukami kwenye kiti, akawasha taa, akatazama. Aliligonga jino la kushoto kwa mpini wa kioo chake, kisha yaliyolizunguka, kisha hilo tena. Aligusa la kulia kwa ncha ya kidole tu, na Mukami akashtuka.

"Nini ilikupiga, mama?"

"Ni mlango," alisema Kathuri. "Upepo, daktari. Huko kwetu chini upepo ni mwingi."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Haya yote mawili?"

"Mlango ni huo mmoja."

Nkirote alimtazama Mukami, akangoja. Mukami aliitazama taa. "Tupige picha basi," alisema daktari. "Nyinyi wawili mtoke kidogo. Hii mashine haipendi watu."

Kwa hiyo alibaki peke yake na daktari. Ilikuwa nafasi aliyokuwa ameipigia hesabu usiku kucha, na ilipofika, alikuwa na kibamba cha plastiki katikati ya meno na amri ya kutotikisa kichwa. Aliona afueni, na aliichukia afueni hiyo. Kibamba kilipotolewa, Kathuri alikuwa ameshabisha hodi na kuingia, mama yake nyuma yake.

Picha ilitokea kwenye kompyuta, meno makubwa ya kijivu kama ya mnyama. Nkirote aliigeuza skrini ili wote waone.

"Hili la pembeni hapa ni zima, tazameni mzizi wake. Mrefu, unapanda hivi. Sasa hili la pinki." Aliweka kalamu kwenye skrini. Mzizi ulikuwa na shimo katikati na kingo zilizoliwa, kama kijiti cha muwa kilichotupwa. "Jino likipigwa linaweza kushika tena vizuri kabisa, halafu mwili wenyewe ukaanza kulila huko ndani. Haliumi. Mtu anakaa mwaka akimshukuru Mungu. Ungekuja mapema tungesafisha ndani, pengine lingekaa. Sitakudanganya, mama. Hili limeenda."

Wambeti alisogea karibu na skrini. Macho hayakuwa yakimsumbua hata kidogo.

"La pili ni hadithi nyingine. Mzizi umevunjika hapa katikati, mnaona huu mstari? Lakini kingo zake ni kali. Mvunjiko wa mwaka jana huwa umelainika. Mimi nauona kama mpya, ila kwa picha peke yake siwezi kuapa, ndiyo maana narudia kuuliza. Kama ni wa wiki chache, nalifunga kwa waya leo hii, likae bila kutikisika, na lina nafasi nzuri ya kupona. Kama ni wa mwaka jana na bado linacheza hivi, waya ni kazi bure. Nitayang'oa yote mawili."

"Ng'oa, daktari," alisema Kathuri. Alikuja nyuma ya kiti, akaweka mkono begani kwa mkewe. "Ng'oa yote, asiendelee kuteseka. Nitamwekea mengine. Hata ya dhahabu!" Alicheka, akambonyeza bega kidogo.

Mukami alimfikiria Igoki na wenzake wakimtazama mdomoni. Aliwaza atakavyosimama mbele yao na pengo la meno mawili, upepo ukimtoka tu, naye akiwaambia watoto kwamba hiyo ni fa. Akawaza pia kwamba jino moja limekufa kwa sababu watu wengi wema walikubaliana kunyamaza, na yeye mwenyewe alikula ini. Aliogopa. Alisema hivyo hivyo.

"Si mlango, daktari."

Mkono begani haukuondoka. Ulizidi uzito.

"Mwaka jana ilikuwa ngumi. Hili la pili ni kikombe. Kikombe chake cha chai. Ni wiki tatu sasa, siku ya Jumapili."

"Mukami." Kathuri alisema kwa sauti anayoombea nayo kanisani. "Unajua umefanya nini? Unalijua neno la wazee."

"Nalijua. Nitatoa mbuzi. Ile yangu nyeupe. Njeru aje aichukue."

Kathuri alimgeukia daktari na tabasamu la kuomba radhi. "Mambo ya mila zetu haya, usijali. Amekuwa na homa tangu jana, anachanganya vitu. Mama, hebu mwambie daktari. Wewe si ulikuwa nyumbani siku hiyo?"

Mkoba wa Mukami ulikuwa mikononi mwa Wambeti, kwa sababu Kathuri alikuwa amemtupia alipoingia, na alikuwa bado anaitazama ile picha, lile jino aliloliombea na kulisifu kwa majirani mwaka mzima huku likiliwa. Aliketi kwenye kiti cha pembeni. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Nilikuwa jikoni," alisema. "Nilisikia bati."

"Mama."

"Nilisikia bati, nikaloweka kitambaa." Alimgeukia Nkirote. "Andika wiki tatu, daktari. Mbuzi zitakuwa mbili, ya pili ni yangu."

Habari za mbuzi Nkirote hakuzielewa. Za wiki alizielewa. Alivaa glavu mpya, na hakumtazama Kathuri aliposema, "Mzee, nitakuomba ungoje nje. Kazi hii inataka nafasi."

Kisha mkono uliondoka begani, kidole kimoja kimoja. "Sawa," alisema Kathuri. "Sawa kabisa. Nitawangoja. Gari ni moja, nyumba ni moja." Alinyoosha koti lake, akatoka, na akaufunga mlango kwa utaratibu mkubwa hivi kwamba haukutoa sauti yoyote.

"Fungua mdomo, mama," alisema daktari. "Na sasa usiseme kitu hadi nimalize."

Pamba iliingia, kisha kitu kichungu, kisha waya. Mukami alishika mikono ya kiti. Kutoka pale alipolala aliweza kuuona mlango wote, mweupe, wa mbao nyepesi, na nafasi ndogo chini yake iliyopitisha mwanga wa ukumbini. Alisikiliza viatu vya Kathuri viende kwenye benchi. Havikwenda. Katikati ya ule mwanga chini ya mlango kulikuwa na vivuli viwili vyeusi, kimoja kando ya kingine, vimetulia. Alitaka kusema na hakuweza, kwa hiyo aligeuza macho tu, akamtazama mama mkwe wake.

Wambeti alikuwa amekwisha kuviona. Aliuweka mkoba sakafuni, akashika goti, akainuka. Alitembea hadi mlangoni, akasimama hapo kidogo akimsikiliza mwanawe akipumua upande wa pili, kisha akasukuma komeo likafunga.